Kikorea cha Kiwango cha Kati: Jifunze Muundo Pamoja na Masharti Yake

Aliyemaliza hatua ya mwanzo ya Kikorea anasoma Hangul bila kusitasita, anajua kuagiza chakula na kueleza anakokwenda, na akiulizwa kwa nini amechelewa hujibu kwa -아/어서. Anaeleweka. Kisha anafungua kitabu cha hatua ya pili na kukuta miundo mingine minne au mitano ambayo yote imefasiriwa "kwa sababu". Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kosa liko kwenye njia waliyofundishwa, si kwenye akili zao. Tafsiri peke yake haitoshi tena. Kuanzia hapa kila muundo una masharti yake: unamkubali mtendaji gani, unakataa nini baada yake, na unamwonyesha msikilizaji msimamo gani wa msemaji.

Kiwango cha kati kwa kawaida ni ngazi ya 3 na ya 4 katika TOPIK, mtihani wa umahiri wa Kikorea. Karatasi ya TOPIK II, ambayo ndiyo yenye ngazi hizo, ina alama 300. Ngazi ya 3 huanzia alama 120 na ya 4 huanzia 150. Kwa kijana wa Dodoma au Kisumu anayekwenda kusoma shahada kwa ufadhili wa serikali ya Korea Kusini, ngazi ya 3 ni kizingiti hasa: kwa kawaida husoma lugha mwaka mmoja kwanza, na asipoifikia haanzi masomo yake ya chuo.

Tuanze na sababu. Muundo wa -아/어서 unaeleza kilichosababisha jambo, basi. Haupokei alama ya wakati uliopita -았/었-, wala haufuatwi na amri au ombi la kufanya kitu pamoja. Ndiyo maana huwezi kusema 비가 와서 우산을 가져가세요. Ukitaka kumwambia mtu achukue mwavuli kwa kuwa mvua inanyesha, ni 비가 오니까 우산을 가져가세요. Muundo huu wa -(으)니까 unabeba hoja ya msemaji mwenyewe, na kwa hiyo unaruhusu amri. Lakini hoja hiyo hiyo inakuwa hatari mbele ya mkubwa wako. Pa kuomba radhi au kushukuru panatakiwa -아/어서: 늦어서 죄송합니다. Ukimweleza bosi kuchelewa kwako kwa -(으)니까 utasikika kama mtu anayejitetea, hata kama moyoni umenyenyekea.

Unafuata -느라고, ambao nauona ndio mgumu kuliko yote katika kundi hili. Sentensi yake ya mfano ni 숙제를 하느라고 잠을 못 잤어요: sikulala, nilikuwa nikifanya kazi ya shule. Muda au nguvu zilimezwa na shughuli moja, nyingine ikaharibika au ikawa ya taabu. Mtendaji lazima awe yule yule pande zote mbili, kitenzi kiwe cha kutenda, na -았/었- isikae mbele ya -느라고. Mvua haiwezi kunyesha kwa -느라고 ukachelewa wewe. 비가 오느라고 늦었어요 ni kosa. Sisi husahau sharti hili la mtendaji kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hujitambulisha chenyewe: "ilinyesha, nikachelewa" ina watendaji wawili na hakuna anayechanganyikiwa. Kitenzi cha Kikorea hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo muundo wenyewe ndio unaokudokezea nani ametenda.

Kama lililokuchelewesha ni tukio la ghafla usilolitaka, tumia -는 바람에: 버스를 놓치는 바람에 늦었어요, niliachwa na basi ndiyo nikachelewa. Mbele yake daima huja -는, hata jambo likiwa limekwisha kupita, na sentensi humalizikia wakati uliopita. Mambo mema yana 덕분에, kama 선생님 덕분에 합격했어요, nimefaulu kwa msaada wa mwalimu. Lawama ina 탓에.

Sababu inaweza pia kuja mwishoni, baada ya jambo kusemwa. -거든요 humpa msikilizaji habari asiyokuwa nayo. -잖아요 humkumbusha anachokijua tayari, karibu sawa na "si" yetu: 오늘 일요일이잖아요, si leo Jumapili! Kati ya marafiki hakuna neno. Kwa mzee au mkuu wa kazi, -잖아요 inaweza kusikika kama karipio, basi itumie kwa hadhari.

Kuna jambo jingine ambalo Kikorea hukudai: habari yako umeipata wapi? Ukienda kula mahali ukakuta chakula kitamu, unasema 맛있더라고요, maana ulikionja mwenyewe. Ukiwa umesikia tu kwa watu, unasema 맛있대요. Kiswahili kina "nasikia" na "eti", ila "eti" yetu mara nyingi huingiza shaka, na 대요 haiingizi. Inapeleka tu ujumbe. Sharti la -더라고요 ni kwamba unaripoti ulichoshuhudia, na kwa kawaida mtu hashuhudii matendo yake ya kukusudia. 제가 시장에 가더라고요 haikubaliki. Hali iliyokujia yenyewe inakubalika: 저는 좀 춥더라고요, mimi nilihisi baridi kidogo. Ukisimulia kuhusu mdogo wako aliyeonekana kusikia baridi, kitenzi hubadilika: 동생이 추워하더라고요. Baridi ya mtu mwingine unaiona tu kwa nje, na sarufi inalijua hilo.

Kauli ya taarifa ina milango minne: -다고 kwa maelezo, -냐고 kwa swali, -라고 kwa amri, -자고 kwa "twende, tufanye". Kwenye mazungumzo hufupishwa kuwa -대요, -냬요, -래요, -재요. Hapa Mswahili ana nafuu. "Alisema anakuja kesho" haibadilishi wakati wa kitenzi cha ndani, na 내일 온다고 했어요 haibadilishi pia. Penye mtego ni kitenzi cha kutoa. Mtu akiomba maji yake mwenyewe, ripoti ni 물을 달라고 했어요. Akiagiza mdogo wake apewe maji, ni 동생에게 물을 주라고 했어요. Kosea hapo, na maji yataenda kwa mtu mwingine.

Sikiliza sasa tofauti ya sauti moja. 가다가 돌아왔어요: alikuwa anakwenda, akarudi kabla hajafika. 갔다가 돌아왔어요: alifika, ndipo akarudi. -다가 bila wakati uliopita hukata tendo katikati. Ikiwa na -았/었- tendo limetimia kisha likafuatwa na jingine, mara nyingi la kuligeuza, kama 불을 켰다가 껐어요, niliwasha taa nikaizima. Jamaa wa karibu ni -던 mbele ya nomino: 마시던 커피 ni kahawa ambayo mtu alikuwa akiinywa na bado imo kikombeni. Jaribu kuitungia sentensi za nyumbani kwako leo leo, usisubiri mazoezi ya kitabu.

Mingine itakuingia bila jasho. -(으)ㄹ 뻔했다 ni "nusura": 넘어질 뻔했어요, nusura nianguke. -는 척하다 ni kujitia: 자는 척했어요, alijitia kulala. -은/는커녕 ni "sembuse", lakini mpangilio unageuka. Sisi tunasema "hata maji sikunywa, sembuse chakula". Wao hutanguliza chakula: 밥은커녕 물도 못 마셨어요.

Kwa mtahiniwa, la mwisho ni la kalamu. Swali la 54 la TOPIK II hutaka insha ya herufi 600 hadi 700, na insha hiyo huandikwa kwa mtindo wa -ㄴ/는다: 한다, 먹는다, 좋다, 학생이다. -거든요, -잖아요 na -더라고요 ni za mdomoni. Ziache nje ya karatasi. Ukiwa na shaka juu ya muundo wowote, fungua 한국어기초사전, kamusi ya mtandaoni ya Taasisi ya Taifa ya Lugha ya Kikorea. Ni ya bure, na hata kiambishi kama -느라고 kina ukurasa wake wenye mifano. Maelezo ya Kiswahili hayamo, ila yamo ya Kifaransa na Kiarabu, na msomaji wa Lubumbashi au Muscat anaweza kuanzia hapo.