"Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone": Historia ya Malindi kama Mji wa Utalii

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Makala haya yanaitumia methali hiyo kuchunguza historia ya Malindi, mji wa mapumziko uliovuma sana katika pwani ya Kenya. Maneno mawili yatatuongoza. La kwanza ni mwenyeji, ambalo ni mwambatano wa mwenye na mji. Yaani, mtu mwenye mji wake. La pili ni mtalii, kutokana na kitenzi talii, chenye asili ya Kiarabu na shina moja na mutalaa. Kutalii, basi, ni kuchunguza ili kujua, wala si kustarehe tu. Swali letu ni hili: wageni walipofika Malindi, je, mwenyeji alipona?

2.0 Ukarimu wa Kale

Malindi ilipokea wageni karne nyingi kabla ya hoteli kujengwa. Aprili 1498, Vasco da Gama, ambaye hakuelewana na watu wa Mombasa, alikaribishwa na mfalme wa Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Ukarimu huo ulikuwa pia siasa, kwani Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu. Hata hivyo, faida yake haikudumu. Mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko. Mji aliouacha ulififia hadi ukahamwa.

3.0 Suala la Ardhi

Malindi ilifufuka katika miaka ya 1860, chini ya himaya ya Sultani Majid wa Unguja. Mtama na ufuta vilistawi, lakini kwa jasho la watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Kila aliyedai ardhi katika ukanda wa pwani alitakiwa kuthibitisha dai lake; ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya serikali. Wagiriama wengi na wengi wa waliokuwa watumwa hawakupata hati. Baadaye waliitwa maskwota. Tukiyalinganisha maneno haya, skwota ni kinyume kamili cha mwenyeji: anaishi mjini, lakini mji si wake.

4.0 Kuzuka kwa Utalii

Hoteli za kwanza za ufuoni zilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1930, na masetla wa nyanda za juu wakawa wateja wake. Mwaka wa 1934 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki wakubwa wa bahari kuu. Baada ya uhuru, mnamo 1968, Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilianzishwa ili kulinda matumbawe.

Waitaliano nao walikuja kwa njia ya pekee. Katika miaka ya 1960 walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa hapo chombo cha Marekani kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Waitaliano wengine walifuata kama watalii, na baadaye kama wamiliki wa hoteli, mikahawa na majumba ya kifahari. Vijana wa ufuoni walijifunza Kiitaliano bila darasa wala kitabu, kwa sababu ndicho kilichowapa riziki. Huu ni mfano bora wa lugha kufuata uchumi, na wanaisimujamii wanapaswa kuuzingatia.

Hata hivyo, riziki hiyo ni dhaifu. Ghasia za Likoni za mwaka wa 1997, machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 na janga la korona la mwaka wa 2020 yote yaliwafukuza wageni. Kila mara hoteli zilipofunga milango, waliotangulia kuumia ni wapishi, wasafishaji na wavuvi.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kuwa jibu la swali letu si ndiyo wala la. Wapo waliosomesha watoto kwa mapato ya utalii. Wapo pia waliofika ufuoni wakauta ukuta mahali walipoanika nyavu. Methali yetu haikuwa na maana ya kumfaa mgeni peke yake: inadai kuwa mwenyeji naye apate nafuu, na hawezi kuipata iwapo hana mji. Historia ya wageni wa Malindi imeandikwa, hata nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama ufuoni. Historia ya wenyeji, hasa wasio na hati, ingali vinywani mwa wazee. Mwanafunzi wa Kiswahili anayo lugha ya kuwauliza. Na aende Malindi kutalii, kwa maana ile ya asili.