Maji yakiwa mafu, fungua kompyuta

Safari hii nimeandikiwa na mdogo wangu wa Bwejuu, katibu wa kikundi cha mwani, na swali lake najua si lake peke yake. Kikundi kina kompyuta moja kuukuu na yeye ndiye anayeweka hesabu za kilo na malipo. Siku ya mkutano kina mama wamekaa mkekani wanasubiri hesabu za mwezi uliopita. Anafungua, anakuta "hesabu mpya", "hesabu mpya 2", "hesabu mpya kabisa" na "hesabu ya mwisho". Akaifungua hiyo ya mwisho, kumbe ndiyo ya zamani kuliko zote. "Dada, kuna programu gani ya kunipangia mafaili?"

Programu ipo, nitakwambia. Lakini kwanza tutengeneze majina, maana hakuna programu itakayojua ulikusudia nini ulipoandika "mpya kabisa".

Jina la faili lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, kisha maneno mawili matatu: 2026-02-14 mwani kilo. Ukianza na mwaka, kompyuta inapopanga majina huwa imepanga na tarehe zenyewe. Ukianza na siku, tarehe 3 Januari itasimama bega kwa bega na tarehe 3 Juni, na utatafuta mpaka adhana ya magharibi. Weka kistari (-), usiweke mkwaju (/), kwa sababu Windows haikubali mkwaju ndani ya jina la faili. Neno "mpya" liache kabisa.

Picha za risiti zinazokuja kwa WhatsApp mara nyingi tayari zina tarehe ndani ya jina, mfano IMG-20260214-WA0007. Usizibadilishe moja moja. Zitie kwenye folda yake, chagua zote za siku moja, bonyeza F2, andika jina, kisha Enter. Windows itazipa zote jina hilo na kuzitia namba. Ukiona umekosea, Ctrl na Z papo hapo, majina yanarudi.

Sasa programu. Mimi nakupendekezea 7-Zip. Ameitunga Igor Pavlov, ilitoka mwaka 1999, haina malipo hata ya kesho, na faili lake la kusakinisha halifiki MB 2, kwa hiyo bando lako halitalia. Watu wengi wanaijua kwa kubana na kufungua mafaili tu. Hawajui kwamba ndani yake mna kidirisha cha kupangia mafaili. Kifungue, bonyeza F9, kitagawanyika pande mbili: kushoto weka folda ya kompyuta, kulia weka flashi. Chagua faili, F5 linanakiliwa upande wa pili. Unaona kwa macho yako kilichopo huku na kilichokosekana kule.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana. 7-Zip haijisasishi yenyewe. Simu yako inajiletea matoleo mapya usiku umelala. 7-Zip haikwambii kitu. Kama uliisakinisha mwaka 2021, utaendelea na ya 2021 mpaka utakapoamua wewe. Na si jambo dogo. Faili linapotoka kwenye intaneti, Windows hulitia alama ili ukilifungua ikuulize kwanza. Matoleo ya 7-Zip kabla ya toleo la 24.09, lililotoka Novemba 2024, yalikuwa na kasoro: faili lililobanwa ndani ya faili jingine lililobanwa lilikuwa likitoka bila alama hiyo. Wahalifu wakaitumia kasoro hiyo kushambulia ofisi za Ukraine. WinRAR, programu nyingine ya kubana mafaili, nayo iligunduliwa kuwa na tundu kubwa la usalama, likazibwa katika toleo la 7.13 Julai 2025, na nayo pia haijisasishi.

Kwa hiyo fungua 7-Zip, nenda kwenye Help, kisha About, usome namba ya toleo. Ikiwa ya zamani, pakua mpya kutoka 7-zip.org yenyewe, si kwenye flashi ya rafiki wala kwenye ukurasa uliojaa matangazo. Ukishamaliza, ingia Tools, kisha Options, kisha kichupo cha 7-Zip. Palipoandikwa Propagate Zone.Id stream, ikiwa ni No, weka Yes. Hapo alama ya Windows itafuata kila faili unalolifungua kwa 7-Zip. Na kama kompyuta yenu ni ya Windows 10, kumbuka Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, basi uangalifu huu unakuhusu mara mbili.

Utakumbukaje? Wewe ni mtu wa mwani, mdogo wangu, kalenda unayo baharini. Wakati wa maji ya bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, uko shambani na kamba zako. Maji yakiwa mafu huna pa kwenda. Hiyo ndiyo siku ya kompyuta: angalia toleo, panga majina, piga nakala. Mara mbili kwa mwezi, yatosha.

Kwenye nakala, tafadhali usikate na kubandika. Nakili. Mimi niliwahi kukata picha za harusi ya nyumbani nizitie kwenye flashi, umeme ukazimika katikati, na nusu ya picha sikuzipata huku wala kule. Mpaka leo zinaniuma. Unguja tunajua umeme. Tuliokaa gizani kisiwa kizima kilipokosa umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa. Nakili kwanza, fungua nakala uione, ndipo ufute ya mwanzo. Ukifuta kitu kwenye flashi hakiendi kwenye pipa la taka, kimeondoka.

Na nyinyi mnaofanya kazi kwenye nyumba za wageni, picha za pasipoti za watu zisilale wazi kwenye eneo-kazi. Zibane kwa 7-Zip katika muundo wa 7z, weka nenosiri, na utie alama palipoandikwa Encrypt file names ili hata majina ya wageni yasionekane. Bonyeza Test uhakikishe faili ni zima kabla hujafuta picha za mwanzo. Nenosiri liandike kwenye daftari linalofungiwa, kwa sababu likipotea hata aliyeitunga programu hawezi kukufungulia.

Mdogo wangu wa Bwejuu, mkutano ujao usiende na "hesabu ya mwisho". Nenda na tarehe, kisha uniandikie kina mama wamesemaje.