Mistari Sambamba: Tunajuaje Kwamba Haitakutana?

Mkulima wa alizeti hapa Singida hunyoosha mistari yake kwa kamba. Akisimama ukingoni mwa shamba, jicho humwambia kuwa mistari inakaribiana kule mbali. Tumwamini nani, jicho au kamba? Nasi hatuwezi kuifuata mistari hadi mwisho, kwa maana katika jiometria mstari hauna mwisho.

Euclid wa Aleksandria, yapata mwaka 300 K.K., alijibu kwa pembe. Chora mistari miwili, kisha wa tatu unaoikata yote. Pima pembe mbili za ndani, moja kwenye kila mstari, zilizo pande tofauti za ule wa tatu. Hizo ndizo pembe mbadala. Zikiwa sawa, mathalani nyuzi 70 kila moja, mistari ni sambamba.

Kwa nini? Tuchukulie kuwa inakutana upande wa kulia. Itaunda pembetatu: pembe mbadala moja itakuwa ndani yake, nyingine nje. Lakini pembe ya nje ya pembetatu daima huzidi kila pembe ya ndani isiyopakana nayo; na 70 haiwezi kuzidi 70. Kushoto ni vivyo hivyo. Basi haikutani kamwe.

Tahadhari ya mantiki: "mistari ikiwa sambamba, pembe mbadala ni sawa" ni kauli nyingine, nayo hudai uthibitisho wake. Kila padre amebatizwa, lakini si kila aliyebatizwa ni padre.

Hivyo, kwa kupima pembe mbili tu, akili hufika mahali ambapo miguu haifiki.