Kabla hujaandika "hutibu" kwenye pakiti ya unga wa viazi lishe



Msimu wa kuvuna viazi lishe ukifika, maswali ninayopata hubadilika. Ya marando na fukusi yanapungua, yanakuja ya pakiti na lebo. Kijana mmoja amenitumia picha ya unga wake, pakiti ya nusu kilo, imechapishwa safi kabisa. Chini ya jina kaandika: "Huongeza kinga, hutibu kisukari, presha na kansa, hurudisha nuru ya macho." Swali lake lilikuwa rangi ya pakiti, aweke njano au kijani.

Rangi yoyote ni sawa tu. Mimi nimeshikwa na hayo maneno, kwa sababu kati ya yote aliyoandika, moja tu lina chembe ya ukweli, na hilo nalo kalizidisha. Na wengi mnauza hivyo hivyo, iwe unga wa viazi, wa mlonge au wa mchanganyiko. Kwa hiyo leo tuangalie utafiti unasema nini hasa, halafu turudi kwenye pakiti.

Tuanze na kilicho kweli. Rangi ya chungwa ndani ya kiazi ni betakarotini. Mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ambayo inahitajika ili jicho lione kwenye giza, na ili ngozi laini ya ndani ya utumbo na njia ya hewa izuie vijidudu. Miaka ya 1970 daktari wa macho Mmarekani, Alfred Sommer, akiwa Indonesia aliona jambo la ajabu kidogo: watoto wasioona vizuri usiku walikuwa wanakufa zaidi kuliko wenzao, hata pale tatizo la macho lilipokuwa dogo. Wakafanya jaribio Aceh, kaskazini mwa Sumatra, katika vijiji 450. Vijiji vingine watoto walipewa matone ya vitamini A mara mbili, yakipishana miezi sita, vingine bado. Matokeo yalitoka 1986: kwenye vijiji vya matone, vifo vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja. Haya matone wanayopewa watoto kliniki kila miezi sita, pamoja na dawa ya minyoo, chimbuko lake ni utafiti wa namna hiyo.

Ila msikimbie na hiyo theluthi. Baadaye kulifanyika jaribio kubwa zaidi, kaskazini mwa India, watoto wapatao milioni 1. Matokeo yalichapishwa 2013, na tofauti ya vifo ilikuwa ndogo mno, asilimia 4 hivi, kiasi kwamba huwezi kusema kwa uhakika ipo. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi ninachobeba hapo ni hiki: faida ya kirutubisho inategemea nani anapungukiwa, na kwa kiasi gani. Ni kama mbolea ya kukuzia. Shamba lenye njaa ya naitrojeni ukiliwekea, mahindi yanabadilika ndani ya wiki. Shamba lililoshiba ukiliongezea, unatupa hela, na ukizidisha unaunguza.

Kwenye viazi vyenyewe ushahidi ni mzuri. Afrika Kusini watoto wa shule ya msingi walilishwa gramu 125 za viazi vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa na kupondwa, kwa siku 53 za shule. Wenzao walikula kiasi hicho hicho cha viazi vyeupe. Waliokula vya chungwa akiba yao ya vitamini A mwilini ilipanda. Ilichapishwa 2005. Baadaye Msumbiji na Uganda, familia zilipopewa marando na elimu ya kulima na kupika, watoto na mama zao walipata vitamini A nyingi zaidi kwenye chakula cha kawaida cha nyumbani. Kazi hii ndiyo iliyowapa Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mwanga ni Mganda, na aina ya Kabode ambayo wengi wenu mnalima imetoka kwenye kazi yake ya uzalishaji mbegu.

Sasa ije sehemu ambayo wauza vidonge hawaitaji.

Watu wanaokula mboga na matunda mengi walionekana kupata kansa kidogo. Watafiti wakasema, labda ni betakarotini, basi tuitoe kwenye mboga tuiweke kwenye kidonge. Finland wakachukua wanaume wavuta sigara 29,133 wa miaka 50 hadi 69. Baadhi walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, kwa miaka 5 hadi 8. Majibu yalitoka 1994. Waliokunywa betakarotini walipata kansa ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Zaidi, siyo pungufu! Marekani nako kulikuwa na jaribio jingine la watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara, walioacha, na waliofanya kazi kwenye asbesto. Hao walipewa betakarotini pamoja na vitamini A yenyewe. Lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu waliokuwa kwenye vidonge walikuwa wanaugua na kufa zaidi.

Hii haina maana kiazi chako ni hatari. Kwenye chakula betakarotini inaingia polepole ikiwa na nyuzinyuzi na vingine vyote, na mwili unageuza kadiri unavyohitaji. Mtoto akila sana viganja vinaweza kuwa vya njano kidogo, basi. Vidonge vya vitamini A yenyewe ni hadithi nyingine: vikizidi vinalimbikizana kwenye ini, na kwa mjamzito, hasa miezi ya mwanzo, vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mteja mjamzito akikuuliza aongeze na vidonge gani, mwelekeze kliniki, wewe uza unga.

Ila lile neno "kansa" kwenye pakiti, umeelewa sasa limesimama wapi. Na "hutibu kisukari" ni baya zaidi. Kiazi kitamu ni wanga. Kinapandisha sukari, na kikiokwa kinapandisha haraka kuliko kikichemshwa. Mzee mmoja akiamini pakiti yako, akaacha dawa zake na kunywa uji wako asubuhi na jioni, hiyo siyo biashara tena.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa shambani tunapaswa kulijua kuliko wauza vidonge: je, hiyo betakarotini bado imo kwenye pakiti? Mwanga, hewa na joto vinaila. Ukikausha michembe juani kwa haraka, siku kavu yenye upepo, unapoteza sehemu tu. Kinachomaliza ni kuhifadhi. Uganda walipima vipande vilivyokaushwa na kuwekwa miezi minne kwenye joto la kawaida la chumba: zaidi ya nusu ya karotini ilikuwa imepotea. Kwa hiyo unga uliosagwa mwezi wa saba na kuuzwa mwezi wa kwanza unaweza kuwa wa viazi lishe kwa jina tu. Angalia rangi, ukiona umepauka, ujue.

Kata michembe myembamba inayolingana, kausha kwenye kaushio lenye kivuli kama unalo, hifadhi ikiwa mikavu kabisa gizani, na saga kidogo kidogo kwa kadiri ya oda. Pakiti ya plastiki inayoonyesha unga ndani inavutia dukani, lakini inapitisha mwanga. Ndiyo, najua mteja anapenda kuona. Tafuta yenye kidirisha kidogo. Kama kuna bekari karibu nawe, fikiria kuwauzia viazi vibichi au rojo, yaani vilivyochemshwa na kupondwa, maana hapo virutubisho vinafika vikiwa vingi na wewe hubaki na stoo ya unga unaopauka. Na wakati wa kununua marando usidanganywe na ganda la nje. Kata kiazi cha shamba mama uone nyama yake, chungwa iliyokolea ndiyo yenye kitu.

Tukirudi kwenye lebo. Mwongozo wa Codex, ambao nchi nyingi zinaufuata kwenye viwango vya chakula, tangu 1979 unakataza kudai chakula kinazuia, kinapunguza au kinatibu ugonjwa. Hapa Tanzania tangu 2019 chakula kiko chini ya TBS, dawa ziko TMDA. Ukiandika "hutibu" umejitoa mwenyewe kwenye chakula ukajiingiza kwenye dawa, na huna karatasi hata moja ya huko.

Huyo kijana nimempendekezea hivi: "Unga wa viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Umesagwa tarehe fulani. Hifadhi mbali na mwanga. Pika uji na kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa." Mafuta ni lazima uyataje, kwa sababu bila mafuta mwili hauchukui betakarotini vizuri. Akitaka kuandika "chanzo cha vitamini A", apeleke sampuli maabara kwanza, na sampuli iwe ya unga uliokaa muda ule ule ambao mteja ataukuta dukani, siyo uliotoka mashineni jana.

Pakiti 300 za zamani alizokwisha chapisha ameniuliza azifanyeje. Stika juu ya maneno yale haitoshi, inabanduka. Zikatwe, atumie kubebea marando.