Njia ya Kuelekea Udaktari wa Akili: Maswali Kutoka Kisii na Nyamira

Wanafunzi wa mwaka wa sita wa udaktari walioko Kisii na Nyamira wameleta maswali kuhusu kubobea katika magonjwa ya akili. Daktari wetu wa akili anawajibu.

Nikishafuzu, naweza kuingia moja kwa moja kwenye MMed ya saikiatria?

Hapana. Kwanza kuna mwaka mmoja wa uanagenzi, kisha usajili kamili wa baraza la madaktari, KMPDC. Baada ya hapo ndipo unapoomba nafasi, na wengi hufanya kazi kwanza. Nairobi kozi huchukua miaka mitatu, na Hospitali ya Mathari ndiyo uwanja mkuu wa mafunzo. Chuo Kikuu cha Moi hufundishia Eldoret. Ukitaka kaunti ikupe likizo ya masomo, uliza mapema ni miaka mingapi ya utumishi inayohitajika na utafungwa na mkataba gani utakaporudi. Pia weka akiba. Mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56, na suala la wanagenzi kupangiwa vituo na kulipwa lilikuwa katikati ya mvutano huo. Usipange maisha kana kwamba kila kitu kitafika kwa tarehe.

Mwaka huu nisome vitabu gani?

Anza na mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la pili la 2016. Umeandikiwa wahudumu wasio mabingwa, na unagusa unyogovu, saikosisi, kifafa, ulevi na kujiua. Kifafa usikiruke: katika kliniki nyingi za akili za kaunti zetu, wagonjwa wa kifafa wako kwenye foleni hiyo hiyo.

Baada ya hapo, rudi wodi ya tiba. Mwanafunzi anayepania saikiatria akidharau tiba ya mwili atakuja kuua mtu. Chukua mwanamume wa miaka arobaini aliyeletwa amefungwa kamba, anapigana na wadudu ambao hakuna mwingine anayewaona. Mikono inatetemeka, mapigo ya moyo yako juu, jasho linamtiririka. Ukiharakisha kuandika "skizofrenia" umeshapotea. Muulize mkewe alikunywa chang'aa lini mara ya mwisho. Akisema "juzi, pesa zilipoisha," basi huenda ni kuweweseka kwa kuacha pombe ghafla: anahitaji diazepamu, thiamini kabla ya glukosi, na mtu wa kumkagua kila mara. Pima sukari na malaria hata kama unadhani jibu unalo.

Familia ikisema mgonjwa amerogwa, nibishane nayo?

Usibishane, omba tarehe. Ilianza lini? Alikuwa akifanya kazi gani wakati huo? Kilichobadilika kwanza ni usingizi, maneno au kumbukumbu? Anayeamini uchawi anaweza kukupa historia safi kuliko barua ya rufaa. Uliza pia kuhusu kuanguka kwenye bodaboda au kupigwa kichwani. Watu wa hapa hawatashangaa: Wagusii walikuwa na wapasuaji wao, ababari, waliokwangua fuvu la mtu aliyeumwa na kichwa kwa muda mrefu baada ya kujeruhiwa. Hata Edward Margetts, aliyeongoza Mathari miaka ya 1950, aliandika juu ya kazi yao.

Kwa wazee, utambuzi wako unaweza kuokoa uhai. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma hizo hizo. Bibi anayetangatanga usiku, asiyetambua boma la jirani na anayejisemea peke yake anaweza kuwa na dimenshia. Mpime kumbukumbu, andika ugonjwa wazi kwenye faili, kisha mketishe mwanawe mkubwa umweleze kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba mama asiachwe atoke peke yake usiku.

Mimi natoka Pwani. Kiswahili kitanitosha?

Kwa kijana wa mjini, ndiyo. Kwa nyanya wa Borabu, hapana. Jifunze salamu na maswali kumi ya Ekegusii, kisha mtafute muuguzi akutafsirie. Usimtumie mjukuu: hakuna bibi atakayekiri mbele ya mjukuu wake kwamba amewaza kujiua. Mwombe muuguzi akuambie maneno yenyewe, asikufupishie.

Mtu aliyekunywa dawa ya wadudu akifika kasualti, niite polisi?

Ita mwenzako akusaidie na njia ya hewa, na uwe na atropini tayari. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mgonjwa akitulia, muulize faraghani na bila kuzunguka: bado unataka kufa? Sumu nyingine iko wapi nyumbani? Kumuuliza hakumpandikizi wazo. Kabla hajaruhusiwa, kubaliana na familia nani atakayeifungia sumu hiyo.

Nifanye nini ili maombi yangu yaonekane?

Vyeti vya semina za siku moja havina uzito mkubwa. Fanya ukaguzi mmoja mdogo, kwa mfano: kati ya wagonjwa wanaodungwa flufenazini kila mwezi, wangapi hawarudi, na kwa nini? Nauli? Dawa kukosekana? Omba idhini ya hospitali kwanza. Halafu omba barua kwa daktari aliyekuona ukifanya kazi, hata kama hana jina kubwa.

Na nikitaka kwenda ng'ambo?

Uingereza utapitia PLAB, na mitihani ya MRCPsych huja ukiwa kwenye mafunzo. Marekani ni USMLE, ambayo Step 1 yake tangu 2022 haitoi alama, ni kufaulu au kufeli. Zote ni ghali. Lakini popote utakapoketi mbele ya wasaili, kuna swali usiloweza kulikariri: tueleze mgonjwa mmoja uliyemhudumia. Mwenye kusikiliza vizuri wodini Kisii atakuwa na jibu.