Vidokezo 7 vya Kumfundisha Kijana Pesa, Biashara na Kazi

Faida na riba zimo kwenye vitabu vya hisabati, lakini kijana anaweza kumaliza kidato cha nne na alama nzuri, akapewa elfu kumi ya wiki nzima, ikaisha Jumanne. Pesa hufunzwa kwa kuishika na kuitolea hesabu. Mzazi, mlezi au mwalimu, anzia hapa.

1. Daftari kwanza, mtaji baadaye
Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mkabidhi bajeti halisi ya nyumbani, kwa mfano hela ya mboga ya wiki au ya luku. Ikibaki ni yake, ikipelea asiongezewe. Makato ya kutuma na kutoa pesa kwenye simu nayo ayaandike, maana hayo ndiyo husahaulika.

2. Pigeni hesabu ya maandazi
Anataka biashara? Kaeni chini na kalamu. Tuseme unga kilo mbili ni sh 3,600, sukari 1,500, mafuta 2,400, hamira na iliki 500, mkaa 1,500, mifuko 500. Jumla sh 10,000. Akitoa maandazi 70 ya mia mbili mbili, anauza sh 14,000 na faida ni 4,000. Sasa muulize: yakidoda kumi je? Hapo inabaki 2,000. Wadogo zake wakila matano? Inabaki 1,000, na aliamka saa kumi alfajiri. Kama hesabu haikubali, abadilishe bei, ukubwa wa andazi au mahali pa kuuzia kabla hajawasha jiko.

3. Mtaji usiliwe
Biashara nyingi za vijana hazifi kwa kukosa wateja, zinaliwa. Leo vocha, kesho nauli, keshokutwa mchango wa harusi, vyote kutoka kwenye droo moja. Awe na laini mbili za simu au vibubu viwili: kimoja cha biashara, kingine chake. Ajilipe posho kila wiki, hata ikiwa ndogo, na akishajilipa asirudi tena kwenye hela ya biashara.

4. Mfundishe kupima mkopo
Mikopo ya kausha damu haikupata jina hilo bure. Chukua laki moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, kisha ulipe riba tu kila mwezi: baada ya miezi sita umetoa sh 120,000 na bado unadaiwa laki ileile. Mwache aikokotoe mwenyewe. Mikopo ya kwenye simu nayo ina mitego yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa upande mwingine, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Akiwa na umri unaoruhusiwa na kikundi kinachoeleweka, mpeleke kwa ofisa maendeleo ya jamii akaulize masharti.

5. Mkeka si ajira
Kubeti chini ya miaka 18 ni marufuku kisheria. Kwa aliyevuka umri huo, kelele hazisaidii. Mwambie aandike kila mkeka kwa mwezi mmoja, uliochanika na ulioshinda, halafu ajumlishe. Wanaobeti hukumbuka ushindi. Daftari hukumbuka vyote.

6. Namba ya siri ni ya siri
“Ile hela tuma kwenye namba hii” bado inawaliza watu wazima, sembuse kijana mwenye laini mpya. Kanuni ni mbili: namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata anayedai kupiga kutoka kwenye kampuni ya simu, na hakuna pesa inayotumwa kabla hujapiga kwa namba unayoijua mwenyewe.

7. Mwandae kuajiriwa pia
Si kila kijana atakuwa mfanyabiashara, na si dhambi. Afanye mazoezi ya usaili sebuleni: aingie, asalimie, aeleze kwa dakika mbili anachojua kufanya. Vyeti, kitambulisho cha NIDA na wasifu wake vikae kwenye bahasha moja, na nakala kwenye simu. Awaombe ruhusa wadhamini wake kabla ya kuandika majina yao. Akiambiwa alipie “fomu ya kazi”, aondoke. Na kama amejifunza ufundi gereji au kwa fundi cherehani, VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana mtaani na kuutolea cheti.

Jambo la mwisho ni lako wewe mkubwa: akikosea, usikimbilie kufidia. Kijana wa miaka 15 aliyepoteza elfu tano zake mwenyewe amelipa ada ndogo sana kwa somo ambalo wengi hulilipia mamilioni wakiwa na familia.