Kiazi Lishe kwa Mtoto Anayeanza Kula: Kijitabu cha Kaya

Kijitabu hiki ni cha mama, baba, bibi, dada wa kazi na yeyote anayeshika kijiko cha mtoto. Kimeandikwa kwa kuwafikiria watu wa Kanda ya Ziwa, ambako viazi vitamu havikosekani nyumbani, lakini wa Kibaha au Kigoma naye akikisoma kitamfaa.

JAMBO LA KWANZA KABLA YA MENGINE YOTE

Chakula cha mtoto kipikwe kidogo, kiliwe kikiwa kimetoka jikoni, na kilichobaki asirudishiwe.

Mtaona sentensi hiyo inarudi tena mbele. Ni makusudi. Watoto tunaowapokea zahanati macho yamezama, midomo imekauka, wengi wao wanatoka kwenye nyumba ambazo chakula kipo. Mama kaamka alfajiri, kachemsha viazi, kaviponda vizuri kabisa, kavitia kwenye hotpoti, kaenda shamba. Mtoto akalishwa saa nne. Akalishwa tena saa nane. Jioni akamaliziwa kilichobaki. Usiku anaharisha, na kila mtu anasema ni meno.

Si meno. Ni kile chakula.

Mtu mzima anakula kiporo na anaenda zake kulima. Mtoto wa miezi saba hawezi. Kwake yeye, chochote kilichokaa zaidi ya muda wa saa mbili tangu kiive ni kiporo. Ukipika saa moja asubuhi, mwisho wake ni saa tatu asubuhi. Baada ya hapo kile wewe, au mpe mbuzi.

Hotpoti nayo haisaidii. Inakiweka chakula vuguvugu, na chakula kikiwa vuguvugu ndipo kinapoharibika upesi. Chupa ya chai yenye uji wa kutwa nzima ni hivyohivyo.

AANZE LINI

Akitimiza miezi sita. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji asipewe.

KIAZI GANI

Viazi vyote vitamu vinashibisha. Chenye nguvu zaidi kwa mtoto ni kiazi lishe, kile ambacho ukikikata ndani kina rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo dalili ya vitamini A, inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupambana na maradhi. Usidanganyike na ganda: kuna viazi vyekundu nje, vyeupe pepe ndani. Mwambie muuzaji akate kimoja uone.

Wanaotaka kupanda waulize kwa afisa ugani marando ya Kabode, Mataya, Kiegea au Ejumula. Mistari mitatu nyuma ya nyumba inatosha kuanzia, na matembele yake utayachuma pia.

Kiazi lishe hakiondoi haja ya matone ya vitamini A. Mtoto apelekwe kuyapata kila baada ya miezi sita mpaka atimize miaka mitano.

JINSI YA KUPIKA

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha. Aliyetoka kumsafisha mtoto choo asiguse kiazi kabla ya kunawa.

Chukua kiazi kimoja kinachojaa kiganjani. Kimoja tu, kwa mlo mmoja. Kioshe udongo wote, kichemshe na ganda lake kwenye maji kidogo, sufuria ikiwa imefunikwa, kwa dakika ishirini na tano hivi, hadi kisu kipenye bila kusukuma. Kimenye kingali cha moto, kitoe nyuzi, kiponde kwa uma au kwa kijiko hadi kisiwe na mabonge. Kiongezee maziwa ya mama uliyokamua, au maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo. Ukiinamisha kijiko, chakula kibaki kijikoni. Kikitiririka kama chai umezidisha maji, na tumbo la mtoto ni dogo mno kujazwa maji.

Tia nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti au mawese. Vitamini A inahitaji mafuta ili ifanye kazi mwilini.

Usitie chumvi. Usitie sukari, kiazi ni kitamu chenyewe. Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

Familia ikichemsha viazi vya chai, toa cha mtoto humo humo kabla hujatia chumvi. Mkaa hautakuongezea gharama hata shilingi.

KIAZI PEKE YAKE HAKITOSHI

Hapa wengi wanakosea kwa nia njema. Wamesikia kiazi lishe ni kizuri, basi mtoto analishwa kiazi asubuhi, kiazi mchana, kiazi jioni. Anashiba, ananenepa mashavu, lakini damu inapungua na urefu hauongezeki. Kiazi kinatia nguvu na vitamini A. Chakula cha kujenga mwili kinapatikana kwingine.

Dagaa wa ziwani ndio msaada wa karibu. Wachambue, toa vichwa, waoshe mara kadhaa mpaka maji yasitoe mchanga, wakaushe, wakaange bila mafuta, watwange na kuchekecha. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kwenye kiazi kilichopondwa kinakibadilisha chakula chote. Unga utie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Huo unakaa, tofauti na kiazi kilichopondwa, ambacho hakikai.

Siku nyingine tia maharage yaliyoiva sana na kuondolewa maganda, au kiini cha yai lililochemshwa likakauka, au maini yaliyosagwa, au karanga zilizokaangwa na kusagwa laini. Ongeza mchicha au matembele yaliyokatwa nyembamba na kuivishwa. Wapo wanaosema yai humchelewesha mtoto kusema. Halimcheleweshi. Mpeni yai.

Kitu kipya mwanzishie kimoja kimoja, siku mbili tatu, uone anavyokipokea. Na ule unga wa lishe wa aina kumi na mbili unaosagwa mashineni, mahindi na mchele na ngano na karanga na soya na dagaa vyote pamoja, sina imani nao: kila nafaka inaiva kwa wakati wake, karanga zinaharibu unga mapema, na mtoto akidhurika hujui ni nini kati ya hivyo kumi na mbili.

KIASI

Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko viwili au vitatu vya chakula, ongeza taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu kwa siku.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, mara tatu hadi nne, na sasa kisipondwe sana, ajifunze kutafuna.

Mwaka mmoja hadi miwili: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu hadi nne, na kipande cha kiazi au tunda katikati.

Maziwa ya mama yanaendelea muda wote huo, mpaka miaka miwili au zaidi.

"SINA MUDA WA KUPIKA MARA TATU"

Hoja hii naisikia kila kliniki, na ni ya kweli. Mama anakwenda shamba, kuni ziko mbali, mkaa ni ghali. Basi usipike mapema, acha kibichi. Kiazi kibichi hakiharibiki upesi. Osha viazi viwili vya ukubwa mmoja, viache kikapuni, mwambie bibi au dada: hiki cha saa nne, hiki cha saa nane, kichemshwe wakati huohuo, kipondwe wakati huohuo. Ukienda na mtoto shambani, beba kiazi kibichi na sufuria ndogo. Mafiga matatu yanapatikana popote.

Baba, wewe nawe unaweza kuchemsha kiazi.

Wenye friji: chakula kilichoiva kiingize mara kinapopoa, kipashe mara moja tu mpaka kichemke, na kisilale hadi kesho kutwa. Umeme ukikatika mchana kutwa, kimwage. Kupasha chakula kilichochacha juu ya meza hakukirudishi kuwa kizuri.

Na bakuli ambalo kijiko cha mtoto kimeshaingia mdomoni na kurudi, chakula chake hakihifadhiwi popote, friji iwepo isiwepo. Pakua kidogo, ongeza akitaka.

TAHADHARI

Kiazi chenye fukusi, chenye madoa meusi au kinachonuka uchungu, mtoto asipewe hata baada ya kukata upande mbovu. Uchungu umeshaenea.

Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, ni chakula cha akiba kwa wakubwa. Kwa mtoto vina kasoro: vitamini A hupungua kwa jua na kwa kukaa ghalani, na mchanga huingia. Ikiwa ndiyo iliyopo nyumbani, chagua ile isiyo na ukungu hata chembe, ioshe, iive mpaka ilainike kabisa. Yenye ukungu itupwe. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe vilevile: sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Usimtafunie mtoto chakula mdomoni mwako.

Usitumie chupa ya kunyonyea kwa chakula cha kupondwa, hasa ile iliyotobolewa chuchu ipitishe uji mzito. Haisafishiki. Kikombe na kijiko basi.

Usimlaze chali na kumbana pua ili ameze. Watoto wamepaliwa na kufa hivyo. Mketishe, mtazame usoni, mngoje ameze. Akigeuza kichwa ameshiba.

Karanga nzima, punje za mahindi na vipande vigumu vya kiazi visimkaribie.

Mtoto anayekula viazi lishe kwa wingi viganja na pua vinaweza kugeuka rangi ya manjano, na kinyesi kikawa rangi ya chungwa. Hayo hayana madhara. Weupe wa macho ukiwa wa manjano, huo ni ugonjwa; mlete.

Na tena: kisikae. Pika kidogo, alishwe, kilichobaki asirudishiwe.

AKIHARISHA

Mwendelee kumnyonyesha na kumlisha. Kumnyima chakula ili "tumbo lipumzike" kunamdhoofisha zaidi.

Mpe ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, kwa kikombe na kijiko, kidogo kidogo kila anapoharisha. Ikipita siku moja mwaga, changanya nyingine. Vidonge vya zinki utakavyopewa zahanati vimalizwe siku zote ulizoandikiwa, hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Usimpe dawa za kufunga kuhara za dukani, wala dawa alizobakiza kaka yake.

Mlete haraka ukiona lolote kati ya haya: anatapika kila kitu, hawezi kunyonya, macho yamezama, amelegea au ni mgumu kuamka, kuna damu kwenye choo, ana degedege, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Njiani endelea kumpa ORS. Kama ni usiku, njooni usiku huohuo, na muuguzi akikuuliza mtoto alikula nini, mwambie pia kilipikwa saa ngapi.